Kipimajoto Kwanza, Chambo Baadaye

Msimu wa maski unapokaribia kufunguliwa kaskazini mwa Wisconsin, maduka ya vifaa vya uvuvi hujaa watu wenye swali moja: mwaka huu anakula chambo gani? Wauzaji hawakosi jibu. Ukuta mzima umetundikwa vyambo bandia vya mbao, vya plastiki na vya manyoya, vingine virefu kuliko mkono wa mtoto mdogo, na bei zake si za kumtajia mtu nyumbani. Miaka ya kumfuata samaki huyu imenifikisha mahali pa kuamini kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Katika wiki tatu au nne za mwanzo wa msimu, joto la maji na hali ya samaki aliyetoka kutaga ndivyo vinavyoamua atafutwe wapi, saa ngapi, na chambo kivutwe kwa mwendo gani. Ukishayajua hayo, chambo huwa kimeshajichagua chenyewe, na mara nyingi si kile ulichokuwa umekikodolea macho dukani.

Kwa asiyemfahamu, maski ni samaki mla nyama wa maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini, wa jamii moja na paiki. Mwili wake ni mrefu na mwembamba, pezi la mgongoni limesogea nyuma karibu na mkia, na kinywa chake kipana kimejaa meno. Hilo ni umbo la mviziaji. Hakuumbwa kukimbiza windo masafa marefu. Kazi yake ni kutulia kando ya majani na kufyatuka mara moja. Anapatikana kuanzia bonde la Mto St. Lawrence na Maziwa Makuu hadi mito ya Kentucky na Tennessee. Wisconsin ilimfanya samaki rasmi wa jimbo mwaka 1955, na katika mji mdogo wa Hayward kuna sanamu yake yenye urefu wa meta 43 hivi, ambayo watalii huingia ndani na kusimama kwenye taya zake ili wapigwe picha. Naitaja sanamu hiyo kwa sababu nadhani imewapotosha wavuvi wengi. Anayefika ziwani na jitu hilo kichwani atafunga chambo cha kulisha jitu.

Samaki wa kweli, mwishoni mwa Mei, ana mambo mengine. Paiki hutaga mapema, barafu ikiyeyuka tu. Maski husubiri mpaka maji yafike kati ya nyuzijoto 9 na 15 hivi za Selsiasi. Jike huingia kwenye ghuba za kina kifupi, akifuatwa na dume mdogo kuliko yeye, wakati mwingine madume wawili. Mayai humwagwa ovyo juu ya mimea na mabaki ya majani, na kazi imekwisha: hakuna kiota wala mzazi wa kulinda watoto. E. J. Crossman, mtaalamu wa samaki wa Royal Ontario Museum, alionyesha katika Ziwa Stony, Ontario, kwamba maski waliowekewa alama walirudi kutaga palepale walipotaga miaka iliyotangulia. Kwa mvuvi, habari hiyo ina thamani kuliko sanduku zima la vyambo. Anayezijua ghuba za mazalio za ziwa lake anajua samaki wanaanzia wapi safari ya mwaka, na mwanzoni mwa msimu bado hawajafika mbali. Majike, ambao ndio wakubwa, hutangulia kutoka na kupumzika kwenye maji yenye kina zaidi kidogo. Madume huendelea kuzungukazunguka kwenye ghuba, na kwa kuwa wao ndio wanaoonekana, mvuvi mgeni hudhani ziwa zima lina samaki wadogo watupu.

Serikali za majimbo zimezipanga tarehe za msimu kwa kuzingatia hayo. Kusini mwa Wisconsin uvuvi wa maski hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, na kaskazini mwishoni mwa mwezi huohuo. Minnesota husubiri Jumamosi ya kwanza ya Juni. Upande wa Ontario wa Mto St. Lawrence, Jumamosi ya tatu ya Juni. Lakini tarehe ni moja kila mwaka, ilhali majira ya machipuko hayafanani. Upo mwaka ambao barafu huondoka mapema na siku ya kufungua inamkuta samaki amekwisha kutaga zamani na ana njaa. Upo mwaka ambao siku hiyohiyo inamkuta bado yuko mazalioni. Hata ndani ya siku moja, ziwa dogo lenye maji ya rangi ya chai na tope jeusi linaweza kuwa mbele ya jirani yake mwenye maji mang'avu na kina kirefu kwa tofauti inayohisiwa hata kwa kutia mkono. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba wiki ya kwanza ya Juni ni ya chambo fulani amekupa jibu bila kujua unavua maji gani.

Hapa ndipo kipimajoto kinapoanza kujilipa. Ghuba zilizo upande wa kaskazini wa ziwa hupata jua zaidi, kwa kuwa mwanga wa nchi hizo hutoka upande wa kusini, na ukingo wenye miti huzikinga na upepo baridi wa kaskazini. Kama chini ni tope jeusi na lango la ghuba ni jembamba, joto linaloingia halitoki upesi. Alasiri ya siku tatu za jua mfululizo, ghuba ya namna hiyo inaweza kuizidi sehemu pana ya ziwa kwa nyuzi tatu, nne au zaidi. Katika maji ambayo bado ni baridi, tofauti hiyo ndiyo inayofanya samaki wadogo wasogee na mimea ianze kuchipua. Ndiyo maana sikubaliani na ile desturi ya kuamka saa kumi alfajiri mwanzoni mwa msimu, eti kwa sababu wavuvi hodari huamka mapema. Alfajiri ndipo maji yamepoa kuliko saa nyingine zote. Atakayelala, akanywa chai yake na kuingiza mashua majini saa sita mchana atakuwa na nafasi nzuri zaidi kati ya saa nane na saa kumi na mbili jioni. Kiangazi kikishika, mambo hugeuka, na mwamkaji mapema atapata haki yake.

Maji ya kina kifupi yanayopata joto haraka hulipoteza haraka vilevile. Usiku mmoja wa baridi kali, ukifuatwa na anga jeupe na upepo wa kaskazini, unaweza kuifuta kazi ya siku tatu. Samaki haondoki mbali, lakini husogea kwenye ukingo wa kwanza wa kina, huzama karibu na chini na kupunguza mwendo. Wavuvi wengi siku hiyo hubadilisha rangi ya chambo mara kumi, ilhali rangi haikuwa na kosa. Kinachotakiwa ni kutoka meta moja ya maji kwenda meta tatu, na kuvuta taratibu kiasi cha kukuchosha subira.

Jambo la pili la kutazama ni mimea. Majani mapya ya majini, hasa yale mapana ambayo wavuvi wa huko huyaita kabichi ingawa hayana undugu wowote na kabichi ya sokoni, huanza kuchipua pale mwanga na joto vinapofika mapema. Mwanzoni mwa msimu yanaweza kuwa na urefu wa goti tu, hayaonekani kutoka mashuani bila miwani ya kukata mng'aro wa jua. Fungu moja la majani hai katika ghuba iliyojaa mabaki ya mwaka jana lina maana kubwa: samaki wadogo hukusanyika hapo, na maski hukaa pembeni. Mwezi mmoja baadaye majani yatakuwa kila mahali na dalili hiyo haitakuwa na faida tena.

Sasa ndipo tuje kwenye chambo, na kwanza kwenye ukubwa wake, maana hapo ndipo mabishano yalipo. Utafiti wa Bozek na wenzake uliochapishwa mwaka 1999 ulichunguza matumbo ya maski zaidi ya 1,000 kutoka maziwa ya Wisconsin, na chakula kilichoongoza kilikuwa samaki wawili: pechi wa njano, na saka, samaki mwenye mdomo wa kufyonza ulio upande wa chini wa kichwa. Saka hupanda vijito kutaga wakati wa machipuko na kurudi ziwani. Pechi nao hutaga mapema kwenye mimea na matawi yaliyozama, na pechi wa kawaida ana urefu usiozidi kiganja na vidole vyake. Wengi wa samaki wanaozunguka katika ghuba zenye joto wakati huo ni wa kimo hicho, kwa sababu watoto wa mwaka huu bado ni wadogo mno kuliwa na waliobaki ni wale walionusurika mwaka jana na juzi. Chambo cha sentimita 12 hadi 18 kinalingana na kilichopo mezani. Cha sentimita 30 hakilingani, na zaidi ya hapo hutua kwa kishindo kwenye maji ya kimo cha kiuno, mahali ambapo samaki anaona kivuli cha mashua na kusikia kifuniko cha sanduku kikigongwa.

Pingamizi la kwanza naliheshimu: samaki mkubwa hutaka chambo kikubwa, na historia inathibitisha. Watu hutaja rekodi. Samaki wa Louis Spray wa Chippewa Flowage, Wisconsin, anayehesabiwa kuwa na uzito wa kilo 31.6, ingawa ubishi juu yake haujapoa hadi leo, alivuliwa Oktoba 1949. Yule wa Ken O'Brien wa Georgian Bay, Ontario, wa kilo 29.5 hivi, alivuliwa Oktoba 1988. Tazama miezi hiyo. Majitu huvuliwa kwa wingi vuli, wakati jike anajaza mwili kabla ya baridi na mayai ya mwaka unaofuata yanaanza kumwongezea uzito, na windo nalo limekua kiangazi kizima. Kuchukua somo la Oktoba na kulivalisha Juni ni kumfungia ng'ombe wa maziwa jembe la kulimia. Isitoshe, O'Brien alikuwa akirambaza chambo kidogo cha Rapala ambacho wavuvi wengi wa maski wangeona aibu kukifunga. Samaki mmoja hajengi kanuni, najua; ila anatosha kuitia ufa kanuni inayodai kwamba mkubwa hagusi kidogo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na linatoka kwa watu wenye akili ya hesabu. Wanasema: mwanzoni mwa msimu kila mtu anatupa vyambo vidogo kwa sababu ameambiwa atupe vidogo, basi lazima samaki wengi wavuliwe kwa vidogo. Takwimu za namna hiyo hazithibitishi kitu. Wana haki. Habari nyingi zinazozunguka vibandani na kwenye majarida ni za aina hiyo, na hakuna anayehesabu mitupo iliyorudi mikavu. Maski huitwa samaki wa mitupo elfu kumi. Ni chuku, lakini hata anayevua vizuri hutumia saa nyingi kumpata mmoja, na kwa idadi ndogo hivyo bahati inaweza kujivika joho la ujuzi. Ndiyo sababu siweki uzito wangu wote kwenye ukubwa. Ukiniondolea hoja ya ukubwa, bado inabaki ya kina na mwendo, na hiyo haitegemei hesabu za wavuvi. Mwili wa samaki hufuata joto la maji yanayomzunguka. Katika nyuzijoto 13 misuli yake na tumbo lake hufanya kazi polepole kuliko katika 22, kwa hiyo hula mara chache na hafukuzi mbali. Chambo kikubwa kinachokwenda taratibu juu ya majani mapya ni bora kuliko kidogo kinachopita kwa kasi mahali ambapo hakuna samaki. Inatokea tu kwamba vidogo ni rahisi kuviendesha taratibu kwenye maji ya kina kifupi bila kukwama.

Kati ya vidogo hivyo, kuna aina mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni chambo cha usinga: waya ulionyooka, jani moja la chuma linalozunguka, na nyuma yake ndoana zilizofunikwa manyoya ya mkia wa paa. Antigo, Wisconsin, ndiko kampuni ya Mepps inakovifungia vyake. Uzuri wake ni kwamba hukuambia kila kinachoendelea. Jani likizunguka sawasawa, fimbo hutetemeka kidogo mkononi; likigusa mmea, mtetemo hukatika, nawe unajua mara moja kwamba umefika kwenye majani. Hapo ndipo pa kuinua ncha ya fimbo kwa kifundo cha mkono tu, chambo kipande, kivuke jani la juu kabisa, kisha kishuke upande wa pili bila jani la chuma kuacha kuzunguka. Jani jembamba huzunguka kwa kasi na kutaka mwendo; la mviringo hubana maji na kukubali kuvutwa taratibu. Katika baridi, chagua la mviringo, lakini dogo.

Aina ya pili ni kisamaki cha mbao au plastiki chenye ulimi mfupi chini ya kidevu, cha sentimita 15 hivi, kinachoendeshwa kwa mitikiso. Watu hukitikisa kama wanamfukuza nzi. Kinachofanya kazi ni mitikiso miwili mifupi kuelekea chini, mshipi ukiwa umelegea kidogo kati yake ili kichwa kigeuke, kisha kutulia. Kisamaki kizuri hapo hubaki palepale, au hupanda taratibu mno, ubavu ukimeta. Maji yakiwa chini ya nyuzijoto 13, hesabu hadi nne kabla ya kukigusa tena. Yakifika 18, moja inatosha. Wengi wa samaki hupiga kisamaki kikiwa kimesimama, kwa hiyo ule mlegeo wa mshipi utazamwe: ukiyumba pembeni bila sababu, vuta. Rangi siisemei sana. Maji mang'avu, rangi ya pechi au fedha. Maji ya rangi ya chai, shaba au chungwa. Muda unaobaki utumike kupima joto.

Chambo kidogo kisimshawishi mtu kutumia vifaa dhaifu. Mshipi wa kusuka wa ratili 65 hadi 80 unafaa, na mwisho wake kigwe cha waya au cha nailoni nene. Anayevua nguru katika pwani yetu hahitaji kuelezwa sababu. Meno ni meno, na samaki aliyekata mshipi huondoka na ndoana kooni. Fimbo tu ndiyo ipunguzwe ugumu, ili chambo chepesi kifike mbali na mashua isilazimike kuwasogelea samaki.

Kila mtupo uishie kwa umbo la nane. Maski ana tabia ya kufuata chambo hadi ubavuni mwa mashua bila kukigusa, akiwa nyuma yake kwa nusu meta, na mvuvi akikiinua majini huwa amemaliza mchezo mwenyewe. Ncha ya fimbo inazamishwa majini, chambo kikiwa kimebakiwa na mshipi mfupi, kisha kinazungushwa kwa mapana. Kona ziwe pana kwa sababu samaki wa meta moja na zaidi hawezi kukata kona nyembamba. Kiangazi kasi huongezwa. Mwanzoni mwa msimu ni afadhali kupunguza, kuingia kona taratibu na kuzamisha chambo kidogo zaidi. Wapo wanaosema samaki wa baridi hafuati hadi mashuani. Hufuata, ila hufuata chini zaidi, na asiyevaa miwani hamwoni.

Kuna pingamizi la wanaoona si haki kumsumbua samaki aliyetoka kutaga. Pale ambapo bado anataga nakubaliana nao kabisa: ukiona jike na dume wakienda ubavu kwa ubavu kwenye maji ya goti, funga ndoana yako uende kwingine, hata kama sheria imefungua. Kwa waliokwisha kutaga, hoja yao inageuka. Samaki anayeachiliwa katika maji ya nyuzijoto 16 hupata nafuu kirahisi, kwa sababu maji baridi hubeba oksijeni zaidi. Hatari kubwa iko Julai na Agosti, maji yakipita nyuzijoto 27, wakati samaki anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako na kufa baadaye. Chama cha Muskies, Inc., kilichoanzishwa Minnesota mwaka 1966, kimefanya kazi kubwa ya kueneza desturi ya kumrudisha samaki huyu majini, na leo maji mengi ya Minnesota yanataka afike inchi 54, yaani sentimita 137, ndipo ruhusa ya kumchukua iwepo. Mswahili wa Minneapolis anayelitamani Ziwa Minnetonka, ambalo limepandikizwa maski, achukue leseni yake, wavu mkubwa, koleo ndefu na kikata ndoana. Samaki abaki ndani ya wavu majini wakati ndoana inatolewa. Kunyanyuliwa ni kwa picha moja, mkono mmoja ukishika tumbo.

Wengine watasema haya yote yamepitwa na wakati, kwa vile siku hizi kuna sona inayoonyesha samaki mbele ya mashua kwenye kioo. Kwenye maji wazi ya kina kirefu chombo hicho kimebadilisha uvuvi, na mjadala wa kama ni haki kukitumia unaendelea. Ndani ya ghuba yenye meta moja ya maji na majani yanayochipua, hata hivyo, kioo hujaa vurugu, na mashua inakuwa imeshamtimua samaki kabla hajaonekana. Kwenye kona ya kioo hichohicho kuna tarakimu ndogo ambayo wenye chombo huisahau, inayosoma joto la maji. Ikishapita 20 kwa siku kadhaa mfululizo, samaki wadogo waitwao blugili huanza kuchimba viota kwenye mchanga, majani ya kabichi hukaribia uso wa maji, na majike wakubwa hutoka kwenda kukaa kwenye kingo za nje za majani na kwenye miamba. Vyambo vikubwa vya majani mawili ya chuma viingie kazini siku hiyo, na saa ya kuamka irudi kuwa alfajiri.